Rangi Iliyobaki

Miaka ishirini na mitatu naandika majina ya mitumbwi
pale mwaloni Kirumba.
HASIRA YA SATO. MKE WANGU ANAJUA.
MDENI HAFI: huo ulizama, ukavutwa, ukazibwa,
mwenyewe akarudi akicheka na maji masikioni:
"Bigiri, niongezee neno. MDENI HAFI TENA."

Bigirindavyi. Jina zima liliwashinda mdomoni,
wakalipasua kama samaki wa kubanika, wakabakiza kichwa.
Sikununa. Nilifika na kandambili za rangi mbili,
na huu ni mji wa mawe, kila aliyechoka
hupata lake la kuegemea.
Siku ya tatu wakanipa jembe, nikalima.

Mwaka wa uchaguzi ni mavuno ya mchoraji.
Wakaja hawa na rangi zao, nikachora.
Wakaja wale na zao, nikachora vilevile;
herufi haina kadi ya chama.
Nikaezeka chumba cha nyuma, nikamlipia Limi ada.

Mei, usiku, kijana akaja na noti zisizokunjwa.
"Wafute wale."
Nikafuta. Chokaa mara mbili,
ukuta ukabaki mweupe kama jino la bandia.
Nyanzobe, mke wangu, akauliza nani kanituma.
Nikasema kazi ni kazi.
Hakunijibu. Aliendelea kupepeta dagaa.

Juni redio ya kinyozi ikaanza neno.
Si tusi. Ni "wageni" tu.
Wageni wamejaza wodi. Wageni wamemaliza sangara.
Kinyozi akaona shingo yangu imekakamaa chini ya wembe:
"Si wewe, Bigiri. Wewe wetu."

*Uri uwacu.*
Sentensi hiyo niliisikia kilimani kwetu,
kwa lugha ya mama, kwa tabasamu hilihili,
wiki mbili kabla hatujalala kwenye migomba.

Cheti cha uraia ninacho. Kina muhuri, nimekitia nailoni.
Zamani nilikitoa mara moja kwa mwaka, kama suti ya harusi.
Siku hizi naamka saa tisa kukigusa chini ya godoro.
Nyanzobe anadhani nahesabu hela.

Jana akaja Lubango, mjumbe wetu.
Mtu tuliyebeba naye jeneza la mama mkwe
bega kwa bega, kupandisha yale mawe ya Mabatini,
akiniambia shika, shika, usiteleze.
Mkononi daftari la mistari.
"Kazi ndogo. Nyumba arobaini na moja, namba tu, milangoni.
Mambo ya maji haya."

Nikasoma. Niyonkuru wa vitenge.
Mama Zawadi, yule wa Uvira.
Fundi baiskeli na shemeji yake.
Wale pacha waliozaliwa Bugando,
ambao mpaka aliuvuka bibi yao.
Nikatafuta Mabula, nikatafuta Masanja, hata mmoja.
Wao maji hawanywi?
Nikajitafuta mwenyewe, kidole kikishuka mstari kwa mstari.
Sikuwamo.

"Wewe," Lubango akasema, akitazama ziwani
kama anayehesabu magugu, "wewe nilikuruka."

Sikujua nimshukuru au nimtapikie miguuni.
Ni siku ya ngapi, nilitaka kumuuliza,
mgeni aliyekwisha pewa jembe
huanza tena kuwa mgeni?
Na anayerukwa leo,
anarukwa kwenda wapi?

Nikauliza jingine kabisa. "Rangi gani?"
"Nyekundu. Ile iliyobaki kwenye kampeni."
"Imeisha."

Lubango akainama, akaliokota kopo, akalitikisa.
Tukaisikia sote wawili,
nzito, ikipiga ukuta huu na huu.

Akaliweka chini taratibu, kama kikombe cha mgonjwa.
Akafunga daftari.
Hakusema kesho. Hakusema basi.